Kuziba Jointi za Umeme kwa Jeli: Mwongozo kwa Nyumba za Dar es Salaam

Masika yakianza, simu za mafundi umeme wa Dar es Salaam zinalia kwa malalamiko yaleyale. Taa za geti zimezima. Breka inaruka kila ikipandishwa. Kamera ya ukutani imekuwa giza. Mtoto amegusa nondo za uzio akasema zinatetemesha. Ukifuata waya hadi kwenye tatizo, mara nyingi unaishia kwenye jointi moja iliyozungushiwa tepu nyeusi, imejificha nyuma ya taa, ndani ya kiboksi cha plastiki, au chini ya mchanga wa bustani. Tepu imelegea, gundi yake imegeuka ute, na shaba iliyokuwa inang'aa imeota kutu ya kijani.

Dawa ya jointi za nje ni kuzizamisha ndani ya jeli ya kuhami umeme. Ninawaandikia mafundi vijana wanaotaka kuacha kurudiwa na kazi ileile kila msimu wa mvua, na wenye nyumba wanaotaka kuelewa fundi wao anafanya nini. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: jeli haiponyi jointi mbovu. Inahifadhi kile ulichokifungia ndani. Ukiifungia jointi safi iliyokaza, utaikuta safi baada ya miaka. Ukiifungia jointi legelege, umeficha hatari mahali ambapo hakuna atakayeiona. Ndiyo maana kazi nyingi hapa chini inafanyika kabla chupa ya jeli haijafunguliwa.

Adui ni hewa, kisha mvua

Wengi wanadhani tatizo ni mvua peke yake. Katika mji huu hewa inaanza kuharibu kabla mvua haijanyesha. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi, na chumvi ina tabia ya kunyonya unyevu: hewa ikivuka unyevu wa asilimia 75 hivi, chembe kavu ya chumvi inalowa yenyewe na kugeuka tone la maji ya chumvi. Usiku na alfajiri hewa ya Dar huvuka kiwango hicho mara kwa mara, hata miezi ambayo hatujaona wingu. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri. Yakitanda kati ya waya wa moto na nyutro, au kati ya moto na ethi, umeme unaanza kuvuja polepole. Hakuna cheche, hakuna moshi. Mwenye nyumba anachokiona ni uniti za Luku kuisha mapema kuliko alivyozoea.

Kuna na suala la kiboksi kupumua. Boksi la plastiki likipigwa jua la saa saba mchana, hewa ya ndani inapanuka na kutoka. Ikija mvua ya ghafla jioni, hewa inasinyaa na boksi linavuta ya nje, yenye unyevu, kupitia upenyo wowote uliopo. Ndiyo sababu unaweza kufungua boksi lililoandikwa IP65, mpira wake mzima na skrubu zote zimekazwa, ukakuta maji yametuama chini. Boksi halikudanganya. Alama ile inahusu vumbi na maji yanayorushwa kutoka nje. Haizungumzii maji yanayotengenezwa humo ndani na hewa iliyopoa.

Halafu waya wenyewe. Waya wa nyuzinyuzi una mianya kati ya nyuzi zake, na ncha ikilowa, maji yanapanda ndani kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Chuna waya wa taa ya bustani uliolowa kwa muda, anza kwenye jointi na urudi nyuma. Sentimita tano za kwanza shaba ni ya kijani na inavunjika vidoleni. Mbele yake ni nyeusi, kama iliyoungua. Unaweza kwenda sentimita 30 na bado hujafika kwenye shaba nyekundu inayong'aa, huku ganda la nje halina hata mkwaruzo. Ukizungusha tepu juu ya waya wa namna hiyo, unafunika tu kidonda kinachoendelea kuoza.

Jeli inafanya kazi kwa sababu inajaza nafasi yote. Haiachi hewa ya kupumua wala pengo la kukusanya tone. Inakumbatia shaba na ganda kwa pamoja, na kwa kuwa inabaki laini, joto likipanda na kushuka nayo inapanuka na kusinyaa bila kupasuka.

Jeli ni ipi, na ipi si jeli

Jeli nzuri kwa kazi za nyumbani ni ya silikoni yenye sehemu mbili, A na B. Unazichanganya kwa kipimo sawa, zinamiminika kama uji mwepesi, kisha zinaganda na kuwa kitu laini kinachonata, kinachoonekana ndani. Uzuri wake ni kwamba inafunguka tena: fundi atakayekuja baadaye anaweza kuibandua kwa mkono, akarekebisha, akajaza upya. Kampuni ya Italia iitwayo Raytech inauza jeli za aina hii, na ziko nyingine sokoni.

Aina ya pili ni viboksi vidogo vilivyokwisha kujazwa jeli kiwandani. Unaunga waya kwa konekta ya klipu, unaisukuma ndani ya jeli, unafunga kifuniko. Kampuni ya WAGO inavyo kwa ajili ya konekta zake. Kwa fundi anayeanza hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa moyo wote, kwa sababu hakuna kuchanganya na hakuna kusubiri igande. Kasoro yake ni kwamba kiboksi kinapokea konekta za ukubwa wake tu.

Aina ya tatu si jeli kwa kweli, ni rezini: poliyurethani au epoksi. Inaganda na kuwa ngumu, haifunguki tena. Ukitaka kurekebisha unakata waya. Inafaa kebo ya kufukiwa ardhini moja kwa moja, mahali ambapo hutarajii kurudi.

Sasa yale ya kuepuka, maana hapa ndipo pesa na nyumba zinapotea.

Silikoni ya kuzibia madirisha ya alumini na masinki, ile yenye harufu kali ya siki, usiiweke kwenye shaba. Harufu ile ni asidi ya asetiki inayotoka silikoni inapokauka, na asidi hiyo inakula shaba. Ukifungua jointi iliyozibwa kwayo utakuta kijani kibichi chini ya silikoni nzuri kabisa. Vilevile, mafuta ya kupaka mwilini na grisi ya gari si jeli ya umeme. Mafuta ya namna hiyo yanayeyuka ndani ya boksi lililopigwa jua, yanatiririka, yanalainisha baadhi ya mipira ya kuzibia, na yanaweza kushika moto.

Utaona pia vikonekta vidogo vya rangi vyenye jeli ndani, vinavyobanwa kwa plaizi, ambavyo mafundi wa simu na kamera huvitumia sana. Ni vizuri kwa kazi yake: waya wa simu wenye unene wa milimita 0.4 hadi 0.9. Kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 havifai. Jeli iliyomo isikudanganye. Chuma chake ni chembamba na plastiki yake haikutengenezwa kwa volti hizo.

Kwa kununua, anza na maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo. Usiombe "jeli" tu, utapewa chochote. Onyesha picha, kisha soma pakiti mwenyewe: volti inazostahimili, kipimo cha kuchanganya, muda wa kuganda, na tarehe ya mwisho ya matumizi. Pakiti isiyo na maandishi hayo irudishe mezani, hata kama bei inavutia.

Mipaka ya kazi hii

Kutoka nguzo hadi mita ni mali ya TANESCO, hapaguswi. Kuanzia meni switchi kwenda ndani na nje ya nyumba, kazi ya volti 230 inatakiwa kufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwenye nyumba ambaye si fundi anaweza kujaza jeli mwenyewe kwenye mifumo ya volti 12, kama taa za bustani zinazotumia transfoma au waya wa umeme wa kamera. Kwa volti 230 kaa karibu, tazama, uliza maswali.

Vifaa vya kuwa navyo

Plaizi na kichuna waya, bisibisi yenye mpini wa kuhami, kisu kikali, testa, multimita, na mega ya volti 500 ya kupimia uhami. Konekta za klipu au za skrubu zenye ubora. Boksi la jointi lisilo na nyufa pamoja na glandi zake, yaani vibano vinavyoziba matundu ya kuingilia waya. Spiriti na kitambaa safi. Jeli ya kutosha. Glavu za nitraili, na ninasisitiza nitraili; sababu yake iko kwenye hatua ya tano.

Kiasi cha jeli usikikisie. Pima boksi kwa ndani: upana mara urefu mara kina. Boksi la sentimita 8 kwa 8 kwa 4 linabeba mililita 256, yaani robo lita na kidogo. Jeli si rahisi kwa bei, kwa hiyo chagua boksi dogo kadiri waya zinavyoruhusu bila kubanana. Nimeona boksi kubwa limejazwa nusu kwa kubana matumizi, jointi zikabaki zimechungulia juu. Kazi hiyo ni sawa na kutofanya kitu.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Fanya kazi hii kabla ya masika ya Machi hadi Mei, au kabla ya vuli zinazoanza Oktoba. Chagua siku kavu, saa nne asubuhi kwenda mbele, umande ukiwa umekwisha. Kufungia jointi saa kumi na mbili alfajiri ni kufungia unyevu pamoja nayo.

Hatua ya 2: Zima, hakikisha, zuia

Zima breka ya sakiti husika na meni switchi. Waambie watu wote wa nyumbani, na bandika karatasi kwenye meni. Kisha pima kwa testa na kwa multimita kati ya moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi. Pima chombo chako kwanza kwenye soketi yenye umeme ili ujue kinafanya kazi.

Mambo mawili yanayoua watu hapa kwetu. La kwanza ni kufanya kazi kwa kutegemea kwamba umeme umekatika mtaani. Unarudi wakati wowote bila kubisha hodi, na nyumba yenye jenereta au inveta inaweza kuwa na umeme wakati mtaa mzima uko gizani. La pili ni kutegemea kwamba Luku imeisha. Baba mwenye nyumba yuko kazini Posta, ananunua umeme kwa simu, anatuma namba za tokeni, kijana aliyeko sebuleni anaziingiza, na wewe uko kwenye ngazi umeshika waya. Luku iliyoisha si swichi.

Hatua ya 3: Kata hadi kwenye shaba yenye afya

Toa tepu na konekta za zamani zote. Kata waya ukirudi nyuma hadi uone shaba inayong'aa. Usiwe na huruma na sentimita. Shaba nyeusi ina ukinzani mkubwa na inapata joto. Waya ukiwa mfupi baada ya kukata, ongeza kipande kipya cha unene uleule, au vuta kebo mpya. Tepu haitakusaidia kurefusha.

Kwaruza uzi mmoja kwa ncha ya kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, huo ni waya wa alumini uliopakwa shaba, na umejaa mitaani. Shaba na alumini zikikutana mahali penye unyevu, alumini inaliwa. Jeli inapunguza kasi kwa kuzuia unyevu, ila waya wa namna hiyo mimi ningeutoa wote na kuweka wa shaba.

Chunga na rangi. Nyumba za zamani hapa mjini zina waya mwekundu kwa moto na mweusi kwa nyutro. Mpya zina kahawia kwa moto na bluu kwa nyutro, ethi ikiwa kijani na njano. Katika umeme wa fezi tatu wa rangi mpya, mweusi ni fezi, una moto. Boksi ambalo waya wa zamani na wapya wanakutana, usiunge kwa kuangalia rangi. Pima.

Hatua ya 4: Unga jointi kama vile jeli haipo

Hapa tukae kidogo. Jointi yenye ukinzani wa nusu omu tu, ikipitisha ampea 10, inazalisha wati 50 za joto ndani ya kitu kidogo kuliko kidole gumba. Joto hilo linachoma ganda, linayeyusha plastiki, na siku moja linawasha moto. Jeli haiwezi kupunguza ukinzani huo hata chembe.

Chuna ganda kwa urefu ambao konekta inautaka. Konekta za klipu za WAGO aina ya 221, kwa mfano, zinataka milimita 11, na kipimo kimechorwa ubavuni mwake. Shaba isichungulie nje, na ganda lisiingie kwenye meno. Kwa konekta za skrubu, usiyeyushie risasi ya kulehemu kwenye nyuzi kabla ya kuzikaza. Risasi ni laini, inabonyea taratibu chini ya skrubu, na baada ya miezi jointi inalegea. Tumia vifuniko vya shaba vya kubana ncha, au kaza nyuzi zenyewe zikiwa zimesokotwa vizuri.

Kusokota waya kwa plaizi na kuzungushia tepu, njia iliyozoeleka kuliko zote, usiizamishe kwenye jeli. Haina kitu kinachoibana isipokuwa ukakamavu wa shaba yenyewe, na huo unalegea kwa joto la kila siku.

Ukimaliza, vuta kila waya mmojammoja kwa nguvu ya mkono. Ukichomoka, shukuru kwamba umechomoka leo.

Panga waya ndani ya boksi ziwe zimeachana, na jointi zisiguse ukuta wala chini ya boksi. Milimita 5 za jeli kila upande zinatosha. Hakikisha ganda la nje la kebo linaingia ndani ya boksi kwa sentimita 2 hivi, lizame nalo kwenye jeli. Fundi akikata ganda la nje nje ya boksi, maji yanapita katikati ya waya za ndani na kuizunguka kazi yako yote. Futa kila kitu kwa kitambaa chenye spiriti na uache kikauke kabisa.

Kisha jaribu. Toa taa na vifaa vyote vya kielektroniki kwanza, maana volti 500 za mega zinaweza kuviua. Unganisha moto na nyutro pamoja, pima dhidi ya ethi. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1, lakini waya mzuri na jointi safi husoma mamia. Ukipata megaomu 2 au 3 usisherehekee. Kuna unyevu au jeraha mahali fulani, litafute sasa. Baada ya hapo rudisha taa, washa umeme, acha ifanye kazi dakika kadhaa, uone kila kitu kiko sawa. Zima tena, rudia hatua ya pili yote, ndipo ushike jeli.

Hatua ya 5: Changanya na mimina

Vaa glavu za nitraili. Jeli nyingi za silikoni za sehemu mbili zinaganda kwa msaada wa chembe ndogo sana za platini, na salfa inaua kazi ya platini. Salfa iko kwenye mpira uliochomwa kiwandani, zikiwemo glavu nyingi za mpira wa asili na, kwa mafundi wetu hasa, ile mipira ya tyubu ya baiskeli na pikipiki tunayofungia kila kitu. Kipande cha tyubu kikibaki ndani ya boksi, jeli inayokizunguka inaweza kubaki majimaji siku zote huku kwingine imeganda. Toa mipira yote, na futa mabaki yake kwa spiriti.

Ziba matundu ya kuingilia waya kwa glandi zilizokazwa, la sivyo jeli itavuja kabla haijaganda. Laza boksi liwe sawa.

Weka chupa kivulini. Muda wa kufanyia kazi unaoandikwa kwenye pakiti kwa kawaida umepimwa kwenye joto la sentigredi 23 au 25, na juani Februari hapa joto ni kubwa zaidi, kwa hiyo jeli itakukimbia. Mimina A na B kwa kipimo sawa katika kikombe safi. Koroga taratibu kwa muda uliotajwa, ukikwangua pembeni na chini, bila kupiga kama mayai, maana kila pigo linaingiza mapovu.

Mimina kwenye kona moja tu ya boksi, polepole, uache jeli yenyewe itembee na kusukuma hewa upande wa pili. Ukimimina katikati juu ya konekta, unafungia hewa chini yake. Simama kidogo katikati ya kazi, gonga boksi kwa mpini wa bisibisi, mapovu yapande. Jaza hadi jointi zote na mwanzo wa ganda la nje vifunikwe. Bakiza jeli kidogo kwenye kikombe kama shahidi.

Kwa kiboksi kilichojazwa kiwandani, hatua hii ni fupi: sukuma konekta hadi chini, uone jeli ikipanda na kufunika midomo ya waya, funga hadi usikie klipu zimeingia.

Hatua ya 6: Subiri, kagua, washa

Fuata muda wa pakiti, usiongozwe na haraka ya mwenye nyumba. Jeli ya kikombeni ikishaganda, bonyeza pia ile ya ndani ya boksi, hasa karibu na waya na karibu na mpira wa kifuniko. Ikiwa kidole kinaingia na kutoka na ute, haijaganda; itoe yote, tafuta kilichoizuia, uanze upya. Ikiwa inabonyea na kurudi, iko tayari. Vua taa na vifaa vya kielektroniki tena, pima kwa mega mara ya pili na ulinganishe na namba ya kwanza. Rudisha vifaa, funga kifuniko, washa.

Kama nyumba haina ile breka yenye kitufe cha T, wanayoiita RCCB, ya miliampea 30, weka sasa kwenye sakiti za nje. Jeli inazuia kuvuja. Breka hiyo inakata umeme siku jembe la mtunza bustani likipasua kebo.

Mahali ambapo jeli haifai

Usimimine kwenye boksi lenye swichi, fyuzi, rilei au kitu chochote chenye meno yanayofunguka na kufunga. Jeli ikiingia kati ya meno hayo, umeme hautapita. Usijaze pia sehemu ya taa ya LED inayotoa joto, wacha ipumue.

Pampu ya kisima ni kesi ya peke yake. Jointi inayokaa mita 40 chini ya maji inabanwa na mgandamizo wa takriban mara nne ya ule wa hewa, juu ya ule wa hewa yenyewe, na katika visima vingi vya pwani maji yana chumvi. Hapo tumia seti ya mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, au rezini iliyotengenezwa kwa ajili ya pampu. Jeli laini ibaki juu, kwenye boksi la mdomo wa kisima.

Kwa wanaoishi bondeni kando ya Msimbazi, Jangwani au Kigogo, kabla ya jeli kuna swali la kimo. Hamisha soketi na maboksi juu ya alama ya maji ya mafuriko iliyobaki ukutani. Jeli itumike kwa yale yasiyoweza kupandishwa, kama taa ya geti.

Kufungua tena

Andika ndani ya kifuniko, kwa kalamu isiyofutika: tarehe, aina ya jeli, na namba ya mega. Atakayekuja kuongeza taa ya tatu atajua anashughulika na nini. Azime umeme, apasue jeli kwa kidole au kijiti cha plastiki, si kwa kisu, aiondoe vipande kuzunguka jointi anayoitaka. Jeli ya zamani iliyo safi inaweza kubaki pembeni. Mpya ya aina ileile kwa kawaida inashikana nayo. Iliyoingia mchanga itupwe. Akikuta shaba imebadilika rangi chini ya jeli iliyoganda vizuri, asiilaumu jeli kwanza: afuate waya hadi ncha ya upande wa pili, kwenye taa, aone kama huko pamezibwa.